Karatasi ya Shabaha ya Mzee Eino

Karatasi iliyopotea ilikuwa na jina la Eino Salmela, na hakuna mtu aliyeiona ikiondoka.

Sajini Tess Beauchamp ndiye aliyegundua, Ijumaa asubuhi, saa mbili na dakika chache. Alifungua droo ya tatu ya kabati la chuma katika chumba cha mafunzo, akapekua mafaili haraka, akayapekua tena polepole, kisha akakaa sakafuni na gwanda lake lililopigwa pasi. Hapo ndipo Inspekta Lorna Kangas alipomkuta.

"Umeanguka?"

"Haipo, afande."

"Nini hakipo?"

"Shabaha ya Mzee Eino. Fomu ya alama ipo. Karatasi yenyewe haipo."

Lorna hakumwambia ainuke. Alitoka, akarudi na vikombe viwili vya kahawa, kimoja kikiwa na sukari nyingi, akakaa naye pale pale sakafuni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na magoti yake yalilalamika, lakini alijua kuna maneno ambayo mtu huyasema kwa urahisi zaidi akiwa chini.

"Kunywa kwanza," alisema. "Kisha tuanze mwanzo."

Mwanzo ulikuwa jana yake. Kila Alhamisi, polisi wastaafu wa mji mdogo wa Agate Inlet, kando ya lile ziwa kubwa la kaskazini, hukutana kula chapati za maji na soseji katika mgahawa wa Jolene. Hiyo jana Mzee Eino Salmela, mwenye miaka sabini na tisa, alipeleka mkono mfukoni kutafuta leso. Vidole vyake vinavyotetemeka vilikosea njia, vikaingia kwenye ala ya bastola aliyokuwa ameivaa kiunoni chini ya koti. Bastola ikafyatuka. Risasi ilipita chini ya meza na kutoboa friji ya maziwa, hatua mbili kutoka aliposimama Jolene na birika la kahawa.

Hakuna aliyeumia. Masikio ya Jolene yalivuma hadi jioni, lakini jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuweka birika chini, kuushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili na kumuuliza, "Umeumia, mzee wangu?"

Sheria ya nchi humruhusu polisi aliyestaafu kwa heshima kubeba silaha chini ya nguo zake popote aendako. Anatakiwa awe na vitu viwili tu. Cha kwanza ni kitambulisho cha ustaafu chenye picha yake. Cha pili ni cheti kwamba ndani ya miezi kumi na miwili amesimama kiwanjani, akalenga shabaha, akafaulu. Agate Inlet cheti hicho hutiwa saini na mkufunzi wa silaha, na mkufunzi alikuwa Tess, mwenye miaka thelathini na moja na miaka miwili tu katika cheo hicho.

"Alipata ngapi?" Lorna aliuliza.

"Ishirini na saba kati ya thelathini."

"Mzee Eino?"

"Niliihesabu mwenyewe, afande. Mara mbili. Nilifurahi kwa ajili yake, nikampigia makofi."

"Na fomu ya alama?"

"Nimeijaza mimi, kwa mkono wangu. Nani ataiamini?"

Hilo ndilo lililokuwa limemkalisha sakafuni. Jumatatu saa nne asubuhi wakaguzi watatu wangefika kutoka jimboni, na swali lao lilijulikana. Mtu ambaye hawezi kushika kijiko bila kumwaga supu alifauluje? Karatasi ya shabaha ingejibu. Bila karatasi, ingeonekana kwamba Tess alimpa mzee cheti cha huruma bila kumpima. Beji yake ingeondoka siku hiyo hiyo, na hakuna kituo kingine cha polisi ambacho kingempokea tena.

Mkuu wa kituo, Bwana Prisk, hakuzunguka mbuyu aliposikia. "Lorna, labda karatasi hiyo haikuwahi kuwepo."

"Labda."

"Nampenda yule msichana. Lakini nimeona watu wazuri wakitia saini vitu vibaya."

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Jumatatu saa nne," alisema mkuu. "Si saa nne na nusu."

Lorna alianza na kufuli. Kabati halikuvunjwa. Alipuliza unga wa alama za vidole kwenye droo, akapata alama za nusu ya kituo, mpaka za mwenye kufagia. Basi akaenda kaunta kwa Bi Verna, karani aliyekaa kwenye kiti kile kile kwa miaka thelathini na minane na aliyejua nani ana mzio wa karanga na nani amegombana na mkewe.

"Ufunguo wa kabati la mafunzo unakaa wapi, Bi Verna?"

"Mmoja anao Tess."

"Na mwingine?"

Bi Verna alivua miwani. "Kwenye kopo la kahawa juu ya kabati. Uko huko tangu enzi za kabati la mbao."

"Nani anajua?"

"Muulize nani hajui! Kila aliyevaa sare hapa kabla ya mwaka elfu mbili. Ninyi wa juzi juzi ndio hamjui. Tess mwenyewe sidhani kama anajua."

"Kwa hiyo ni mzee."

"Mimi sijasema ni mzee," alisema Bi Verna. "Nimesema ni kopo."

"Jana mchana waliingia wastaafu wangapi?"

"Wote, mwanangu. Baada ya ile balaa ya mgahawani walikuja hapa kama kuku waliofukuzwa na mbwa. Mmoja anataka maji, mwingine anataka kwenda haja, mwingine anataka kujua Eino atafungwa au vipi. Clem Rowe alileta mkate wa iliki, akawakatia askari wa zamu mpaka wa gereji. Sikuwa na macho ya kuwafuata wote tisa."

Watu tisa. Na tisa hao hao ndio waliokwenda kupimwa mwezi wa tano. Lorna alirudi chumba cha mafunzo, akafunga mlango.

"Nipe ile siku ya kupimwa," alimwambia Tess. "Pole pole, kama unamsimulia mtu asiyejua bunduki inaelekezwa wapi."

Tess alieleza. Kila mmoja hupewa karatasi ya shabaha, huandika jina lake juu, huitundika kwenye njia yake. Hupiga risasi thelathini kutoka umbali tofauti. Kisha kila mtu huitoa karatasi na kuileta mezani, naye Tess huhesabu matundu. Ishirini na moja ni kufaulu.

"Majina wanaandika wenyewe?"

"Ndiyo. Isipokuwa Mzee Eino. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na Mzee Clem akamwambia, 'Lete nikuandikie, utaandika mpaka Krismasi.' Akamtundikia pia, na mwisho akaileta mezani pamoja na yake. Walikuwa njia ya nne na ya tano." Tess aliinua macho. "Niliwaangalia nikasema moyoni, na mimi nikizeeka nipate rafiki wa namna hii."

"Wangapi walifaulu?"

"Wanane."

"Na wa tisa?"

Tess alijibu kama mtu anayetaja aibu ya mzazi. "Mzee Clem. Alipata kumi na moja."

Lorna aliweka kalamu chini. Clem Rowe alikuwa ameshinda kombe la shabaha la kituo miaka kumi na tisa mfululizo. Makombe yenyewe yalijaa vumbi kwenye kabati la vioo pale ukumbini.

"Alisemaje?"

"Alicheka. Wenzake walimtania mpaka nikawaonea haya. 'Clem, umepiga kwa macho au kwa kisigino?' 'Clem, nenda kavue samaki!' Yeye akasema uzee umemfikia, basi. Nikamwambia arudi mwezi wa kumi kujaribu tena, akasema haina haja."

"Karatasi yake mliitupa?"

"Hapana, afande. Kanuni mpya ni tuweke zote, za waliofaulu na za walioshindwa. Zake ziko droo ya chini."

"Itoe. Na ya mwaka jana pia."

Tess alizitandaza mezani karatasi mbili zenye jina la Clem Rowe. Lorna aliinama, akapitisha ncha ya kidole kwenye matundu. Mwaka jana: matundu ishirini na tisa katikati ya kifua cha mtu aliyechorwa, kila tundu duara safi, kana kwamba mtu amechukua kile kidude cha ofisini cha kutoboa karatasi. Mwaka huu: matundu kumi na moja, risasi nyingine zikiwa zimepotelea nje kabisa, na kila tundu lilikuwa na kingo zilizochanika kama nyota.

"Mzee Clem hutumia silaha gani?"

"Rivolva yake ya zamani, ile bastola ya gurudumu la risasi. Hajawahi kushika nyingine."

"Na risasi?"

"Anazitengeneza mwenyewe gerejini kwake. Zile butu, zimekatwa bapa mbele."

"Risasi bapa hukata karatasi duara, Tess, kama kifuniko cha chupa kwenye unga wa mandazi. Risasi yenye ncha ya mviringo, ya bastola ya magazini, ile ya kasha la risasi kwenye mpini, hupenya na kuichana." Aliinua karatasi ya mwaka huu kwenye mwanga wa dirisha. "Sasa niambie. Kama Mzee Clem alikuwa na rivolva yake na risasi zake bapa, nani aliichana hii?"

Tess alivuta kiti, akakaa.

"Njia ya tano," alisema kwa sauti ndogo. "Mzee Eino ana bastola ya magazini."

"Clem aliandika majina yote mawili. Jina la Eino akalitundika mbele yake mwenyewe. Jina lake akalitundika mbele ya Eino."

"Na mimi nilihesabu matundu. Sikuangalia matundu."

"Wewe umekulia na bastola za magazini. Hujawahi kukaa na hizi risasi za wazee," alisema Lorna. "Lakini maabara ya jimbo ingejua kwa kuitazama tu. Na Clem alijua hilo, ndiyo maana ya Eino haipo."

Jumamosi asubuhi Lorna aliendesha gari hadi nyumbani kwa Clem Rowe, pembezoni mwa mji. Alimkuta nyuma ya nyumba akipasua kuni za sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke. Alikuwa mrefu, mwenye miaka sabini na minne, mabega bado mapana, na kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa limetoka.

"Binti Kangas!" aliita. "Ukija na mikono mitupu, chukua shoka. Ukija na maswali, subiri nivute pumzi."

"Nimekuja na karatasi, mzee."

Aliifungua juu ya gogo. Clem aliitazama. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko karatasi yenyewe ilivyohitaji, kisha akaliegemeza shoka kwenye ukuta kwa uangalifu, makali ndani.

"Hii mliipata wapi?"

"Kabatini."

"Ya aliyeshindwa? Kabatini?" Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba siku hizi watu huhifadhi maganda ya mayai. "Zama zetu ya aliyeshindwa tuliitia kwenye pipa na kiberiti juu yake. Ilikuwa adabu. Ili mtu asichekwe mwaka mzima."

"Siku hizi tunaweka zote."

"Hata haikunijia akilini kuitafuta," alisema Clem, akatikisa kichwa. "Miaka thelathini na mmoja ya kufuata wezi, na mimi mwenyewe nimekuwa mwizi mjinga."

"Mzee Clem, kabla hujaendelea, una haki ya kunyamaza. Lolote utakalosema..."

"...linaweza kutumiwa dhidi yangu mahakamani. Umenisemea haraka mno. Mtu aliyeshtuka hasikii."

"Nirudie?"

"Rudia. Mimi nilirudia kila mara."

Lorna alirudia, pole pole, akataja na haki ya wakili. Clem aliitikia kila kipengele kwa kichwa.

"Sihitaji wakili. Uliza."

"Ulibadilisha majina kwenye shabaha?"

"Nilibadilisha."

"Eino alijua?"

"Hakujua. Eino hakuiona hata karatasi, macho yake yamekwisha."

"Alhamisi uliingia chumba cha mafunzo?"

"Bi Verna alipogeuka kumchukulia mtu maji. Ufunguo kwenye kopo. Dakika moja."

"Karatasi iko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu kibanda cha sauna. Bomba lake lilikuwa jeusi. "Nilipasha moto Alhamisi ile ile. Ilikwenda na kuni za mbetula."

Lorna aliandika. Ndege mmoja alikuwa akipekua magome ya kuni miguuni pao bila woga wowote.

"Unajua uliyemwachia mzigo?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Eino hawatamfunga. Uzee wake..."

"Si Eino. Tess."

Clem alivua kofia yake.

"Wakaguzi watadhani hakuna karatasi iliyokuwepo. Watadhani alitia saini kwa huruma. Jumatatu wanamvua beji."

"Mungu wangu. Yule mtoto?" Mzee alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya gogo, juu ya karatasi yenyewe. "Mimi nilidhani wakikosa karatasi watasema imepotea, ofisi hupoteza vitu. Mwaka ule tulipoteza faili zima la moto wa ghala na hakuna aliyefukuzwa. Niandikie maelezo nitie saini sasa hivi."

"Nitaandika. Lakini nipe sababu."

"Sababu ya nini?"

"Ya kumfanyia Eino hivyo. Mtu anayetetemeka, asiyeona, ukampa ruhusa ya kubeba bastola iliyojaa katikati ya watu. Jolene alikuwa hatua mbili, mzee. Hatua mbili."

Clem alijifuta uso kwa kofia yake. "Kila Alhamisi nilikaa upande wake wa kulia. Nilijiambia nikikaa pale, nikilichunga lile koti, hakuna litakalotokea. Juzi nilinyoosha mkono kuchukua asali. Asali tu, binti."

"Kwa nini ulifanya?"

"Andika upumbavu."

"Wakaguzi hawatakubali upumbavu. Karatasi umeichoma. Iliyobaki ni hii yenye matundu na neno lako. Watasema kila mtu mjini anajua unavyompenda Tess. Watasema umejitwika kosa ili umwokoe. Bila sababu, maelezo yako ni karatasi tupu."

Clem alisema, kwa upole, "Sababu si yangu kuitoa. Kama inahitajika, basi naomba radhi kwa Tess. Lakini hiyo siwezi."

Na hakusema zaidi, ingawa Lorna alikaa naye mpaka kuni zote zikapangwa.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Lorna alibisha hodi kwa Eino Salmela. Mzee alifungua mwenyewe. Alikuwa mdogo wa mwili, nywele nyeupe zimechanwa kwa maji, shati limefungwa kifungo cha juu. Mezani palikuwa na vikombe viwili, kimoja kimejazwa nusu.

"Clem ametoka sasa hivi," alisema. "Hunijazia nusu ili nisimwage. Anadhani sijagundua. Kaa."

"Amekuambia?"

"Hakusema kitu. Amekaa kama mtu aliyefiwa. Niambie wewe."

Lorna alimwambia yote, kuanzia majina hadi jiko la sauna. Eino alisikiliza mikono ikiwa chini ya meza.

"Nilijua," alisema mwishowe.

"Ulijua nini?"

"Siku ile niliona wingu jeusi tu. Nikapiga kwenye wingu. Yule sajini aliposema ishirini na saba, nikajua. Mji huu ni mtu mmoja tu anayepiga vile."

"Kwa nini hukusema?"

"Nitakujibu. Lakini wewe umekuja na swali lingine."

"Clem hasemi kwa nini alifanya. Bila hilo, Tess anaondoka kesho."

Eino alitazama dirishani, kwenye ua lake la nyasi zilizohitaji kukatwa.

"Baridi ya mwaka tisini na moja," alianza, "mke wa Clem alifariki. Darlene. Ghafla, jikoni, akikaanga samaki. Clem akaanza kunywa. Si kunywa kwa starehe, hapana. Kunywa kwa kujizika. Mimi nilikuwa sajini wa zamu. Asubuhi ya kwanza hakuja. Nilikwenda kwake nikamkuta sakafuni, pale pale alipoangukia Darlene. Nikamfunika blanketi. Nikarudi kituoni nikaandika kwenye daftari: yupo."

"Na zamu yake?"

"Niliifanya mimi, juu ya yangu. Mji haukukosa askari hata saa moja. Lakini niliandika yupo, naye hayupo. Siku arobaini na moja." Aliitamka namba hiyo kama jina la mtu. "Na kila Jumanne nilimpeleka kwenye kile kikundi cha walevi wanaoacha, maili arobaini kwenda. Mimi sikuruhusiwa kuingia, nikamsubiri garini. Siku ya arobaini na mbili alikuja kazini amenyoa ndevu. Hajagusa tone tangu hapo."

"Na kama ungeandika hayupo?"

"Angefukuzwa. Kwenye kitambulisho chake pasingekuwa na yale maneno, amestaafu kwa heshima. Pasingekuwa na kitambulisho." Eino alivuta pumzi. "Clem aliapa kwamba hatataja kamwe, kwa sababu kosa lililoandikwa daftarini ni langu. Hatujawahi kulitaja hata sisi wawili. Sasa mwaka huu ameona heshima yangu inakwenda, akanipa yake. Amefanya hesabu zake za kijinga."

Lorna alifunga daftari lake. "Mzee Eino, ukiyasema haya kesho, wewe ndiye uliyeghushi rekodi za serikali."

"Nina miaka sabini na tisa, binti. Watanifukuza kazi?"

Jumatatu saa nne kamili wakaguzi watatu walikaa upande mmoja wa meza ndefu. Tess alikaa upande wa pili, mgongo wima, beji yake imeng'arishwa kama mtu anayeiaga. Lorna aliweka mezani zile shabaha mbili za Clem, akaeleza matundu ya duara na matundu yaliyochanika. Kisha Clem akasimama, akakiri alichokifanya, neno kwa neno kama katika maelezo yake.

Mkuu wa wakaguzi, mwanamke mwenye sauti kavu, aligeuza ukurasa. "Bwana Rowe, wewe uliacha haki yako mwenyewe ya kubeba silaha ili mwingine asiyestahili aipate. Kwa nini?"

Clem aliinamisha kichwa.

"Bwana Rowe, bila jibu nitalazimika kuamini kwamba unamkinga sajini."

Mlango ulifunguliwa. Bi Verna aliingia akimshika mkono Eino, kwa hatua ndogo ndogo.

"Mimi nitajibu," alisema Eino.

"Eino, kaa kimya!" Clem alisema. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa kituo kile kusikia akimpazia rafiki yake sauti.

"Nimekaa kimya tangu mwaka tisini na moja. Imetosha."

Akasema yote. Alitaja Darlene, blanketi, daftari, siku arobaini na moja. Hakulia wala hakujitetea. Alipomaliza, mkuu wa wakaguzi aliweka kalamu yake mezani.

"Ni kweli, Bwana Rowe?"

Clem alikuwa ameshika kiti kilichokuwa mbele yake. "Ni kweli," alisema. "Yale maneno kwenye kadi yangu, 'amestaafu kwa heshima', aliyaandika yeye. Mwaka huu nilimwona akishindwa kuandika hata jina lake kwenye karatasi, watu wanamwangalia. Nikaona nimrudishie." Kisha akamgeukia mkaguzi. "Na huyu sajini mnataka kumlaumu kwa lipi? Aliona mzee akimsaidia mzee mwenzake kuandika jina, akaamini ni wema. Haikumjia akilini kwamba polisi mwenye mvi atamwongopea. Mwandikieni hilo. Hilo ndilo kosa lake lote."

Wakaguzi walitoka nje kwa dakika ishirini. Waliporudi, mwanamke mwenye sauti kavu alisoma bila kuinua macho. Sajini Beauchamp apewe onyo la maandishi, na kuanzia sasa mkufunzi aandike majina mwenyewe. Abaki na beji yake na cheo chake. Kadi ya ustaafu ya Bwana Salmela ifutwe. Ya Bwana Rowe ifutwe pia, na faili lake liende kwa mwendesha mashtaka. Kuhusu daftari la mwaka tisini na moja, alisema, hakuliona kwenye ajenda.

Nje, kwenye ngazi za kituo, Tess alisimama mbele ya Clem. Machozi aliyokuwa ameyazuia siku nne yalikuwa yameanza kushuka, na alikuwa amekasirika.

"Ungeniambia tu!"

"Ungekataa."

"Ningekataa! Ningekataa mara mia. Lakini ningekaa na Mzee Eino nimweleze vizuri, bila watu kumwangalia. Na wewe ungebaki na kadi yako."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe. Lakini leo bado."

"Ni haki," alisema Clem.

Eino alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, jua likimpiga usoni. Koti lake lilikuwa wazi, na kiunoni hapakuwa na kitu.

"Clem," aliita, "nikuambie jambo? Ile bastola mimi sikuitaka."

Clem alishuka ngazi moja. "Hukuitaka?"

"Nzito. Miaka sita sasa inaniumiza nyonga. Nikifika nyumbani naivua kwanza kabla ya viatu."

"Miaka sita! Na kila mwaka mwezi wa tano nakupitia kwenda kupimwa! Mbona hukusema, wewe mtu?"

Eino alijikinga jua kwa mkono unaotetemeka ili amwone vizuri.

"Ulikuwa unakuja umefurahi mno," alisema.